Hoteli Inayoitazama Nyumba Yetu

Shela,
Kisiwa cha Amu,
Jumatatu, 9 Septemba 1968

Mpendwa ndugu yangu Abdulqadir,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia baada ya sala ya alasiri, nimeketi ukumbini karibu na ngazi, mahali penye mwanga. Natumai karatasi hii itakukuta ukiwa na siha njema, wewe na Bi Ummu na watoto wote. Je, kifua cha Kamaludin kimepoa? Uliniambia baridi ya Kampala humshika kila ifikapo alfajiri. Mpakeni mafuta ya habbasoda kifuani na msimlaze karibu na dirisha. Mtoto aliyebeba jina la baba yetu hatakiwi kukohoa kama mzee.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila goti la kushoto linanisengenya kila nikipanda ngazi, na nyumba yetu unaijua, ni ngazi tupu. Mwanangu Esha hajambo, mumewe Amini hajambo. Ami Jaafar, mdogo wake marehemu baba, bado yu hai na ulimi wake bado u hai zaidi yake.

Barua yako ya mwezi wa saba niliipata, na zile fedha ulizotuma nazo zilifika salama. Najua jibu limekawia. Usidhani nimezila kwa vitambaa. Nimefanya ulichoniagiza, nilikwenda, nikakaa, nikarudi, na tangu kurudi nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana. Leo nimeazimia kuimaliza.

Uliandika kwamba Desemba utakuja na familia yako, Idi iwakute huku, baada ya miaka kumi na mmoja. Nilipofika hapo nilimwita Esha aje asikie. Kisha nikasoma mbele, kwamba hamtashukia nyumbani. Mtashukia ile hoteli mpya ya Ras Kitau, ng'ambo yetu, upande wa Manda, ambako mtu hulipa mara moja tu na kila kitu kimo: kitanda, chakula, chai, mashua, hata vinywaji. Ukasema hutaki kunitaabisha, na watoto wamezoea choo cha mjini. Ukaniomba nitangulie mimi nikakae humo siku tatu, nikupe ukweli kama ina thamani ya fedha zake au ni wizi wa kistaarabu. Ndugu wengine huwatuma dada zao sokoni kuonja embe. Wewe umenituma kuonja hoteli.

Basi Shela nzima ilicheka. Ami Jaafar alinikuta msikiti wa juu, nikipita na kikapu changu, akanisimamisha mbele ya watu. "Swafiya, una nyumba ya mawe yenye dari ya boriti, wenda Manda kulala kwenye makuti? Kule hakuna hata maji." Nikamwambia ni kazi nimetumwa na Abdulqadir. Akauliza, "Na yeye akiya, atalala wapi?" Nilijifanya sikusikia, nikashika ndia yangu.

Nilikwenda na Esha, ili watu wasipate la kusema. Tena Amini anafanya kazi hapo hapo, ndiye avushaye wageni na maji, kwa hiyo nilikuwa kama niliyekwenda kwa mkwe. Jumanne asubuhi nilifunga madirisha yote, nikatia komeo, nikafunga mlango mkubwa, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso yangu. Tukavuka. Unajua mkondo ule ulivyo mwembamba, mtu akipiga chafya Shela, Ras Kitau wanasema yarhamukallah.

Sasa nikupe habari za hoteli yenyewe, na nitasema haki, maana sitaki baadaye useme nilikuwa na husuda.

Mwenye kuisimamia ni Mzungu mmoja, Bwana Douglas, mrefu, mwenye adabu, na Kiswahili chake kinachechemea. Alitupokea ufukweni mwenyewe. "Mama, hapa kila kitu iko ndani. Taka chai, sema. Taka samaki, sema. Hakuna lipa tena." Nilimwuliza kama ndani ya hicho kila kitu mna mtu wa kunikanda goti. Akacheka, akaahidi kutafuta. Vyumba ni vya makuti, lakini si makuti ya kudharau. Sakafu ni ya saruji inayong'aa, vitanda vina godoro la sufi na chandarua cheupe, na kila asubuhi anaingia mtu, anatandika, anafagia, anatoka bila kukuuliza umeamkaje. Choo ni cha kukaa, cha maji. Watoto wako watakipenda. Mimi nilikiogopa siku ya kwanza, siku ya pili tukaelewana.

Maji ndiyo yaliyonichekesha. Ile bilauri ya maji matamu wanayokuletea juu ya sinia ni maji ya kisima chetu cha Shela. Amini anayajaza kwenye mapipa, anayavusha, wanayachemsha, wanayatia barafu, na wewe unayalipia. Samaki vilevile. Anavuliwa na watu wetu, ananunuliwa na hoteli, na mpishi wao anamfunika kwa mchuzi mweupe wa unga na maziwa. Mpishi anaitwa Kariuki, kijana wa Nyeri, mtu wa heshima. Nilimwendea jikoni nikamwuliza, "Bwana Kariuki, samaki huyu amekosa nini hata akafunikwa uji?" Akasema, "Pole mama, wageni wanapenda hivyo. Lakini kesho nitakutilia nazi. Wewe usiseme." Kesho yake akatia nazi kweli, na pilipili, na watalii wawili wakaomba waletewe kama yangu.

Pombe nayo imo katika hicho kila kitu. Maana yake mimi na wewe tutalipia pombe tusiyokunywa na nyama ya nguruwe tusiyoila, wakinywa na kula wengine. Nilimwambia Douglas anipunguzie. Akasema bei ni moja kwa wote, anywaye na asiyekunywa. Hapo niliona ujanja wao. Na jambo jingine, kwa kuwa wamekwisha kulipa, watu wanakula hata kama hawana njaa. Nilimwona mzee mmoja akimaliza sahani ya tatu huku uso umemkunjamana. Hakuna aliyemlazimisha ila fedha zake mwenyewe.

Mezani tuliwekwa na mama mmoja wa bara, Bi Kemunto, mumewe ni Bwana Patroba wa ofisi moja ya serikali kule Mombasa. Nilimpenda upesi. Nilimwuliza kama anaona fedha zake zimekwenda mahali pema. Alijibu bila kufikiri. "Bi Swafiya, mimi nikienda kwetu likizo, narudi Mombasa nimechoka kuliko nilivyotoka. Wageni wote ni wangu, kuni zangu, maji yangu, na mama mkwe juu yake. Hapa hakuna mtu ananijua. Hiyo ndiyo tumelipia, si hao samaki." Nikamwuliza, na kule kwenu wanasemaje? Akainama kidogo. "Tumewaambia Patroba amenyimwa likizo."

Alicheka, nami nikacheka naye. Kisha nikakukumbuka wewe, kicheko kikanikauka. Ndege ndogo inatua Manda, hoteli iko Manda. Mtu anaweza kutoka Kampala, akafika, akala, akaoga bahari, akarudi zake, na asikanyage Shela hata kwa unyayo mmoja. Nilikuwa sijaliona hilo mpaka nilipokaa pale barazani kwao, maana baraza ile inatazamana na nyumba yetu moja kwa moja. Waiona yote, mlango, roshani, na dirisha la chumba cha juu alichofia Mama.

Nikuambie ukweli mwingine, na huu umeniuma kuuandika. Nilistarehe, Abdulqadir. Tangu nipate akili sijapata kuketi mahali bila jina langu kuitwa. Nimelea watoto, nimemuuguza mume hata akanifia, nikamuuguza Baba, nikamuuguza Mama. Hapo hotelini nilikuwa naamka, nasali, naletewa chai, natazama maji. Siku ya pili mikono yangu ilikuwa imetulia mapajani na sikuitambua. Kama swali lako ni hilo tu, kama mtu aliyechoka atapumzika Ras Kitau, jibu ni kwamba atapumzika. Sitakudanganya ili uje kwangu.

Lakini kuna habari ya Alhamisi, na hiyo ndiyo iliyonifanya nichane zile barua nyingine.

Wewe uliondoka kijana, huenda umeyasahau ya nyumbani. Sisi huamini kwamba jioni ya Alhamisi, kuamkia Ijumaa, roho za wafu wetu hurudi kutazama majumba yao. Zikikuta taa, na harufu ya udi, na jina likitajwa kwa dua, hurudi zimeridhika. Zikikuta giza, husimama nje. Najua wako maulamaa wasemao hili halina msingi, nami si mwanachuoni wa kubishana nao. Ninachojua ni kwamba Mama aliniusia, siku zile sauti yake ilipokuwa imebaki nyembamba. Alinishika mkono akasema, "Swafiya, Alhamisi msiniwate na kiza." Nami sikumwacha gizani. Tangu azikwe, na sasa ni mwaka wa pili, kila Alhamisi nimepanda chumba cha juu, nikafungua dirisha, nikawasha taa, nikatia udi chetezoni, nikasoma Yasini. Nimefanya hivyo nikiwa na homa. Nimefanya hivyo siku mvua inamiminika mpaka ukumbini. Nikiwa sipo, Esha huja kufanya.

Na safari hii Esha alikuwa pamoja nami. Kwa hiyo nilipanga mapema. Nilimwambia Amini, Alhamisi alasiri univushe, nikatie udi, unirudishe baada ya isha. Akasema sawa mama. Mbona ni karibu.

Alhamisi ile baada ya adhuhuri walituandalia chakula kingi, kisha upepo ukawa mtamu, nikajinyoosha kitandani nipumzishe goti. Nililala. Sikulala usingizi wetu ule wa sikio moja macho. Nilizama. Esha anasema alinijia mara mbili akanitazama, akaona uso wangu umelegea namna ambayo hajapata kuuona, akanionea huruma, akaniacha. Simlaumu. Kama angekuwa yeye amelala vile, hata mimi nisingemwamsha.

Nilipozindukana jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya Shela. Alasiri imenipita. Nikatoka mbio bila viatu hadi ufukweni. Amini hayupo, ametumwa uwanja wa ndege kupokea wageni. Mashua ya pili imekwenda na wavuvi wa starehe. Maji yanakupwa. Nikamwendea Douglas, nikamwambia nataka kuvuka sasa hivi. Alihangaika kweli, sitamsingizia. Alimwuliza huyu na yule, akarudi akakuna kichwa. "Pole sana mama. Kesho asubuhi mapema. Leo kaa, kula, iko karamu." Nikamwambia, Bwana Douglas, si ulisema kila kitu kimo? Hakuna aliyemwambia kwamba Mama yetu naye anahesabiwa.

Basi nilikaa barazani. Wakaniwekea sahani mbele, sikuigusa. Adhana ya magharibi ilitoka Shela ikatufikia juu ya maji, kila neno. Nikaona nyumba zinawasha taa moja moja, kwa Bi Barka jirani yetu, kwa Ami Jaafar, kule chini msikitini. Yetu ikabaki nyeusi katikati. Nilisoma Yasini palepale kwa moyo, nikakosea, nikaanza tena. Na nilipokuwa natazama niliona dirisha la chumba cha juu li wazi.

Nilimwambia Esha, tazama, nililifunga lile kwa mkono wangu. Akatazama, akasema, "Mama, kiza hiki, waona nini? Labda hukulitia komeo." Labda. Nilikaza macho mpaka yakatoa maji. Palikuwa wazi, na ndani ya wazi lile palikuwa na weusi uliozidi weusi wa ukuta. Sikuona mtu. Naapa sikuona mtu, wala sitaki uwaambie watoto kwamba shangazi yao anaona majini. Lakini nilihisi natazamwa, na kwa mara ya kwanza maishani niliona aibu mbele ya nyumba.

Ijumaa alfajiri Amini alinivusha kabla ya chai. Nikapanda moja kwa moja chumba cha juu. Dirisha lilikuwa limefungwa, na komeo mahali pake, kama nilivyoliacha. Nikasema basi, ni macho yangu, ni uzee, na moyo ukapoa kidogo. Nikawasha makaa, nikatia udi mchana kweupe.

Ndipo akaja Bi Barka. Unamkumbuka Barka, tulicheza naye uani tukiwa wadogo, na wewe ulikuwa ukimtupia mbegu za ukwaju. Alileta mkate wa mofa. Yeye hakujua kuwa siku hizo ndizo nilizokwenda Ras Kitau, maana wiki ile nzima alikuwa Langoni, mjini Amu, kwa binti yake, amerudi Alhamisi jioni tu. Tukakaa chini, akaanza kunicheka.

"Na wewe umezidi kumngoja huyo nduguyo," akasema. "Yana magharibi nalipita na ndia nikaona kwako kiza. Nikabisha hodi mwangoni, nikujue hali. Ukaniitika kwa yuu."

Nikamwuliza, nilikuitikia nini hapo juu?

"Ulisema, 'Ni Qadi? Umekuya, mwanangu?' Nikasema la, ni mimi Barka. Ukanyamaza. Hukunambia hata karibu. Nikasema huyu ana lake yeo, nikaenda zangu."

Abdulqadir, hakuna mtu duniani aliyebaki akuitaye Qadi. Mimi sikuiti hivyo. Ami Jaafar hakuiti hivyo. Barka mwenyewe alipolitamka jina lile alilitamka kwa kusitasita, kama mtu anayekariri alichosikia. Alidhani nimefanya mzaha. Nami sikumwambia kwamba usiku ule nyumba ilikuwa tupu na ufunguo wa mlango ulikuwa kwenye leso yangu, ng'ambo ya maji. Nilimmiminia kahawa. Nikaimwaga sinia nzima, akadhani ni goti limeniuma.

Nimelifikiri jambo hili kwa kila upande. Nimesema labda Barka alisikia sauti ya nyumba nyingine, maana kuta zetu zimebanana. Labda alikuwa amechoka na safari. Nimemwuliza tena kwa ujanja, bila kumtisha, sauti ilikuwaje? Akasema ilikuwa yangu ila imekauka, kana kwamba nimeamka sasa hivi. Watu wote husema nina sauti ya Mama.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa ajabu katika nyumba yangu. Mtu akibisha hodi nakimbia ngazi na goti hili, nimjibu mimi kwanza, kabla hajajibiwa. Anabisha mwuza samaki, nakimbia. Anabisha mtoto aliyetumwa chumvi, nakimbia. Majirani wanasema Swafiya amekuwa mwepesi siku hizi, hoteli imemfaa. Alhamisi zilizofuata zote nimetia udi mwingi mpaka nyumba ikawa haikaliki kwa moshi, nikamwambia Mama, nisamehe, nililala. Sijibiwi. Kwangu hakuna hata pazia linalocheza.

Na hapo ndipo panaponiuma, nami nitalisema lote maana nimelibeba muda mrefu. Mimi ndiye niliyemwosha. Mimi ndiye niliyemtia maji mdomoni kwa kijiko. Miezi yote ile ya ugonjwa, kila akisikia mlango ukilia alifungua macho akauliza, "Ni Qadi?" nami nikasema bado, Mama. Bado, Mama. Ulileta simu ya maandishi na fedha za hitima, hitima ikawa kubwa, watu wakakuombea dua. Sikukasirika wakati ule. Nilisema ana kazi, ana watoto, Kampala si karibu. Lakini nilidhani akishafariki ataacha kuuliza. Nilidhani sasa atakuwa wangu, walau siku ya Alhamisi. Kumbe nikiwa humu yeye hukaa kimya kwa sababu anajua ni mimi tu. Nikitoka, na mtu akabisha, anadhani ni wewe.

Basi uliniuliza kama hoteli ile ina thamani ya fedha zake. Kwa Bi Kemunto inayo. Kwa wale Wazungu inayo. Kwa mtu asiye na mtu ng'ambo ya maji, mwambie alipe, chakula ni kingi na vitanda ni safi. Kwako wewe sijui fedha gani zitatosha. Utakaa barazani pale na Bi Ummu, watoto wamekoga, chai imeletwa, na Alhamisi itafika kama inavyofika kila mahali. Utaona taa zikiwashwa Shela. Nitawasha yetu, hiyo usiwe na shaka nayo. Lakini utakuwa unalitazama lile dirisha, na utajua nani yuko nyuma yake anayekungoja, na wewe utakuwa umelipa ili usivuke.

Sikuambii mkataa kwao, maana methali hiyo inaishia pabaya nami ni dada yako. Wala usinijibu habari ya kunitaabisha. Tabu yangu si sahani za watoto wako. Najua vilevile unachokikimbia. Si choo, wala si ngazi. Desturi yetu, aliyekuwa safari msiba ukamkosa, akirudi huingia kwanza nyumba ya msiba akahani, atoe pole, aketi mkekani watu wampe mkono, kabla hajala popote. Mkeka huo unaona utakuwa mzito baada ya muda wote huu, watu watakutazama, na Ami Jaafar hatakosa neno. Ni kweli, hatakosa. Lakini nitakaa kando yako, na Ami Jaafar atalia kabla yako wewe, namjua.

Nimekwisha kupiga chokaa vyumba viwili vya chini kwa ajili ya watoto, na Amini amenunua kile choo cha kukaa kutoka Mombasa, kiko ukumbini sasa kimefunikwa gunia na kila mgeni ananiuliza ni nini. Ukitaka wapeleke Ras Kitau mchana wakaogelee, Douglas atawapokea, na Kariuki atawatilia nazi kwenye samaki. Jioni warudi nyumbani.

Nisalimie Bi Ummu sana, mwambie namwekea leso ya Idi aliyoitaka. Nibusie Kamaludin na nduguze. Esha na Amini wanakusalimu, na Bi Barka pia, anasema mbegu za ukwaju hajazisahau. Ami Jaafar anakuombea dua kila baada ya sala, ingawa hatakubali kuwa nimekuambia. Mwenyezi Mungu akuhifadhi njiani, akukunjulie riziki na moyo, akufikishe kwetu mkiwa wazima wote.

Utakapofika siku hiyo, usiingie kimya nyuma ya Amini na mizigo. Uwatangulie wote, usimame mlangoni peke yako, ubishe hodi kwa sauti yako mwenyewe. Nitakuwa ndani, nitakusikia, na goti langu litataka kukimbia. Lakini siku hiyo mimi sitaitika. Nitakaa kimya mpaka ujibiwe.

Ni mimi dada yako nikupendaye, kabla na baada ya yote,

Swafiya binti Kamaludin